Alama ya mpaka ndani ya pakiti: jinsi ninavyoyasoma madai ya hataza

Hataza haimlindi mvumbuzi kwa yale anayoyasimulia katika kurasa za maelezo, hata yawe marefu na ya kuvutia namna gani. Inamlinda kwa sentensi chache zilizowekwa mwishoni mwa waraka, ambazo huitwa madai, na ambazo kwa desturi ya Marekani kila moja huandikwa kama sentensi moja hata kama itajaza ukurasa mzima. Anayetaka kujua kama kifaa fulani kinaingia katika eneo la hataza hana budi kuisoma sentensi hiyo neno kwa neno, kisha alinganishe kila sharti lililomo na kile ambacho kifaa hufanya kwa hakika. Katika fani ya mitandao, madai yanayonisumbua kuliko mengine ni yale yanayohusu kuweka alama kwenye mipaka ya vipande vya data. Karibu kila itifaki, yaani kanuni ambazo mashine hufuata zinapowasiliana, ina namna yake ya kumjulisha mpokeaji kipande kinaanzia wapi na kinaishia wapi, na nyingi kati ya namna hizo zilijulikana kabla hata hataza zinazobishaniwa hazijaombwa. Kwa hiyo ubishi hauwi juu ya kama kifaa kinaijua mipaka ya vipande vyake, maana hakuna kifaa cha mtandao kisichoijua. Ubishi huwa juu ya kama njia kinayoitumia kuijua ndiyo ile iliyodaiwa.

Mimi ni mtu wa mitandao, si wakili, na haya ni masomo ya mtu aliyelazimika kuzisoma hataza kwa sababu ya kazi. Nitakaa zaidi Marekani, kwa kuwa huko ndiko kesi nyingi za aina hii zimeamuliwa na hukumu zake husomeka bure.

Ili maneno yasielee hewani, nimetunga dai la mfano. Halitoki katika hataza yoyote, ila limefinyangwa kwa umbo ambalo madai haya huwa nalo: "Njia ya kutuma ujumbe wa kidijitali katika mtandao, inayojumuisha: kuugawa ujumbe katika vipande viwili au zaidi, kuweka katika kila pakiti alama inayoonyesha mpaka wa kipande, kuzituma pakiti hizo, na, kwa upande wa mpokeaji, kuviunganisha vipande kwa kutegemea alama hiyo." Msomaji wa haraka atasema kwamba hiyo ni intaneti nzima, na kwa kiasi fulani atakuwa amesema kweli. Shida huanza pale anapoulizwa aoneshe kila sharti lipo wapi.

Tuchukue kwanza itifaki ya intaneti ya toleo la nne, ambayo maelezo yake yalichapishwa Septemba 1981 katika waraka wa RFC 791 (RFC ni mfululizo wa nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti). Pakiti, yaani fungu la data linalosafiri likiwa na kichwa chake cha maelezo, ikiwa kubwa kuliko uwezo wa kiungo kinachofuata, inaweza kukatwa vipande, na kila kipande hubeba katika kichwa chake mambo matatu yanayotuhusu: namba ya utambulisho ya biti 16 inayosema kipande hiki ni cha ujumbe upi, namba ya biti 13 inayosema kipande kinaanzia wapi kwa kuhesabu vifungu vya baiti nane nane, na biti moja inayosema kwamba bado kuna vipande vingine nyuma. Biti hiyo ikiwa moja, mpokeaji anangoja. Ikiwa sifuri, kipande hicho ndicho cha mwisho. Alama ya mpaka iko wapi hapa? Mtu anaweza kuielekeza kwenye biti ile, na atakuwa na hoja kwa kipande cha mwisho tu, kwa kuwa biti hiyo haisemi lolote kuhusu mpaka kati ya kipande cha pili na cha tatu. Mwingine ataielekeza kwenye namba ya mahali pa kuanzia, ambayo kweli inataja mpaka wa kila kipande, lakini inautaja kwa kipimo. Je, namba inayopima ni alama?

Hapo ndipo kazi yote ilipo, na sioni njia ya mkato. Kuna itifaki zinazoweka mpaka kwa ishara maalumu isiyoweza kuonekana mahali pengine: itifaki ya HDLC ya miaka ya 1970, na PPP iliyoirithi, hufungua na kufunga fremu (fungu la data linalopita kwenye kiungo kimoja) kwa baiti 0x7E, na ikitokea baiti kama hiyo ndani ya data yenyewe, mtumaji wa PPP huitanguliza baiti 0x7D na kuibadilisha ili mpokeaji asije akadanganyika. Kuna zinazoweka urefu mwanzoni na kumwachia mpokeaji ahesabu mwenyewe, kama rekodi za TLS, itifaki ya kuficha mawasiliano yasisomwe na wengine, ambazo kichwa chake cha baiti tano hubeba urefu wa kile kinachofuata. Kuna zinazowasha biti moja kwenye kichwa cha pakiti ambamo kipande kinaanza, kama mkondo wa usafirishaji wa MPEG-2 unaotumika katika televisheni ya kidijitali, wenye pakiti za baiti 188, kila moja ikianza kwa baiti 0x47. Nayo TCP yenyewe, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, haina mipaka ya ujumbe hata kidogo. Hubeba mkondo wa baiti zilizopewa namba, na anayetaka mipaka hujitengenezea juu yake.

Kwa mhandisi, zote hizo ni njia za kutatua tatizo moja, na angeweza kuchagua yoyote kulingana na mazingira. Kwa msomaji wa madai haziko sawa hata kidogo. Dai likisema "alama inayoonyesha mpaka", baiti 0x7E inaingia bila kusukumwa. Urefu uliotajwa mwanzoni unahitaji hoja, kwa sababu unampa mpokeaji kitu cha kuutafutia mpaka, ilhali pale mpaka wenyewe ulipo hakuna lolote lililowekwa. Mtu akipewa hati ya kiwanja isemayo upande mmoja una mita 30, anaweza kuipata pembe kwa kupima, lakini hajawekewa bikoni. Mahakama inaweza kuamua kwamba kwa dai fulani vipimo vinatosha. Haiwezi kuamua hivyo kwa kuwa tu matokeo ni yale yale.

Mfano unaonifurahisha zaidi katika jambo hili ni ule wa waraka wa RFC 5044 wa Oktoba 2007, unaoeleza jinsi ya kuweka fremu juu ya TCP kwa ajili ya mashine zinazoandikiana moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Waandishi wake waliona kwamba pakiti zikifika bila mpangilio, mpokeaji hawezi kujua fremu imeanzia wapi mpaka apate zile zilizotangulia. Wakaweka alama kila baada ya baiti 512 katika mkondo, iwe hapo pana mpaka au hapana, na ndani ya kila alama wakaandika umbali wa kurudi nyuma hadi mwanzo wa fremu. Mara nyingi alama hiyo yenyewe imo katikati ya kipande, wala haigusi mpaka, ila inauelekezea kidole. Ukilisoma dai langu la mfano, sharti ni alama "inayoonyesha" mpaka, na hii bila shaka inauonyesha. Lakini dai likiwa limeandikwa "alama iliyowekwa kwenye mpaka", au "alama inayotenganisha vipande", hataza haiigusi njia hii hata kwa mbali. Tofauti ya maneno mawili imemtoa mshtakiwa kitanzini.

Upo na ugumu wa aina nyingine, ule wa biti ambayo maana yake haiko ndani yake. Itifaki ya RTP, inayobeba sauti na picha za wakati huo huo, ina biti moja ya alama katika kichwa chake, na waraka wake wa mwaka 2003, RFC 3550, unasema kwamba tafsiri ya biti hiyo itawekwa na wasifu wa matumizi, yaani kanuni za ziada za kila aina ya matumizi. Kwa kawaida katika picha huwashwa kwenye pakiti ya mwisho ya fremu, na katika sauti huwashwa kwenye pakiti ya kwanza baada ya kimya. Biti ni ile ile, mahali ni pale pale, lakini mara huashiria mwisho na mara mwanzo. Anayedai kwamba bidhaa fulani inakiuka hataza kwa sababu inatumia RTP hajathibitisha kitu, mpaka aoneshe bidhaa ile inabeba nini na chini ya wasifu upi.

Turudi kwenye dai. Maneno "katika kila pakiti" yanaonekana kama kiungo tu cha sentensi, lakini nimejifunza kuyaangalia kabla ya kuangalia jambo lingine lolote. Mtandao wa ATM (aina ya mtandao wa data, si mashine ya kutolea fedha) hukata ujumbe katika seli za baiti 53, tano za kichwa na 48 za mzigo, na katika mpangilio uitwao AAL5 biti moja ya kichwa huwashwa kwenye seli ya mwisho ya ujumbe peke yake. Mwenye hataza atasema kwamba biti ile imo katika kila seli, na kwamba sifuri nayo inasema jambo, yaani "hapa si mwisho". Mpinzani atajibu kwamba dai linataka alama inayoonyesha mpaka, na kitu kinachosema mpaka haupo hakiwezi kuwa alama ya mpaka. Hoja zote mbili ni za haki, na sentensi ya dai peke yake haiamui. Itabidi kufungua maelezo ya hataza na kuona mvumbuzi aliitumiaje biti yake: je, alieleza alama yenye thamani mbili, moja ya mpaka na moja ya kuendelea, au alieleza kitu kinachoongezwa pale tu panapohitajika?

Vilevile neno "katika". Baiti 0x7E ya HDLC iko kati ya fremu, na fremu moja inaweza kufungwa kwa baiti ile ile inayoifungua inayofuata. Imo ndani ya fremu au nje yake? Katika kesi ya Thorner dhidi ya Sony, iliyoamuliwa mwaka 2012, ubishi ulikuwa wa sura hii hii ingawa bidhaa ilikuwa vifaa vya michezo ya kompyuta: dai lilisema kwamba vitetemeshi "vimeunganishwa" na pedi, na mahakama ya chini ikaona maana yake ni kwa nje tu, kwa kuwa maelezo yalitumia neno jingine kwa vile vilivyofukiwa ndani. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho, inayosikiliza rufaa za hataza Marekani, ilikataa. Ilisema neno hubaki na maana yake ya kawaida na pana, isipokuwa katika hali mbili: mvumbuzi awe amelipa neno hilo maana yake mwenyewe waziwazi, au awe ameikana sehemu ya maana hiyo waziwazi. Kutumia neno tofauti mahali fulani, au kutoa mfano wa aina moja, hakutoshi kulibana dai.

Kanuni hiyo inasimama juu ya hukumu kubwa mbili zilizotangulia, nazo nitazipitia haraka. Mwaka 1996, katika kesi ya Markman dhidi ya Westview Instruments, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutafsiri madai ni kazi ya jaji, si ya baraza la wazee wa mahakama. Na mwaka 2005, katika kesi ya Phillips dhidi ya AWH, majaji wa Mzunguko wa Shirikisho wakiwa wamekaa wote waliweka utaratibu wa vyanzo. Kwanza maneno ya dai lenyewe na madai jirani yake, kisha maelezo ya hataza, kisha mawasiliano kati ya mwombaji na ofisi ya hataza, na mwisho kabisa kamusi na mashahidi wataalamu. Kipimo ni jinsi mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani angelielewa neno siku ya maombi. Kesi yenyewe ilihusu vyuma ndani ya kuta za magereza, na mahakama ilikataa kusema kwamba lazima vikae mshazari eti kwa sababu maelezo yalitaja kwamba vikikaa hivyo vinaweza kukengeusha risasi. Madai mengine ya hataza hiyo yalitaja jambo la risasi bayana, na ikiwa dai tegemezi, yaani lile linalojengwa juu ya dai jingine, linaongeza sharti, ni vigumu kusema sharti hilo lilikuwamo tangu mwanzo katika dai mama.

Kwetu sisi wa pakiti, hilo la madai jirani ndilo lenye faida kubwa zaidi. Dai la kwanza likisema "alama inayoonyesha mpaka", na dai la tano likasema "njia kama katika dai la kwanza, ambapo alama hiyo ni namba ya urefu wa kipande", basi mwandishi amekwisha kutuambia kwamba kwake yeye namba ya urefu ni aina mojawapo ya alama. Ubishi wangu wote wa hapo juu kuhusu kupima unaweza kufutwa na sentensi hiyo moja. Ndiyo maana mtu akinitumia dai la kwanza peke yake na kuniuliza maana yake, humwomba anitumie yote.

Nayo mawasiliano na ofisi ya hataza huficha mambo ambayo waraka uliochapishwa hauyaonyeshi. Tuseme dai la awali lilisema "kuweka alama inayoonyesha mpaka", mkaguzi akalikataa kwa kutaja AAL5, na mwombaji akaongeza maneno "katika kila pakiti" akieleza kwamba katika teknolojia iliyotangulia alama huwa kwenye seli ya mwisho tu. Baada ya hapo hawezi tena kugeuka na kusema kwamba sifuri ya AAL5 ni alama. Wala hawezi kupitia mlango wa nyuma wa usawa, yaani kudai kwamba kifaa kinachoweka alama mwishoni tu kinafanya jambo lile lile kwa namna ile ile; tangu uamuzi wa Mahakama Kuu katika kesi ya Festo mwaka 2002, anayelibana dai ili apewe hataza huchukuliwa kuwa amekiachia kile alichokiacha, mpaka athibitishe vinginevyo.

Swali la mwisho katika dai la mfano ni la nani. Dai linataka vipande vigawanywe, vitumwe, na "kwa upande wa mpokeaji" viunganishwe. Mtumaji na mpokeaji huwa watu wawili tofauti, na katika toleo la nne la itifaki ya intaneti anayekata vipande anaweza kuwa ruta ya katikati ambayo si ya mmoja wao. Dai la njia hukiukwa pale hatua zote zinapofanywa na mtu mmoja au na watu ambao matendo yao yanaweza kubebeshwa mmoja wao. Kesi ya Akamai dhidi ya Limelight ilitumia miaka mingi juu ya suala hilo, na kiini chake kilikuwa hatua ya kuweka alama: Limelight ilisambaza maudhui ya tovuti, lakini waliokuwa wakiweka alama kwenye vitu vya kurasa ni wateja wake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisema hakuna kosa la kumshawishi mwingine akiuke hataza bila kuwapo mtu aliyeikiuka moja kwa moja. Agosti 2015 Mzunguko wa Shirikisho ukarudi na kusema kwamba Limelight ibebe hatua za wateja, kwa kuwa iliwawekea sharti la kuzifanya ili wapate huduma na iliwapangia namna na wakati wa kuzifanya. Mwandishi mwerevu wa madai angeliandika dai langu kwa macho ya mtumaji peke yake, akisema pakiti zina alama "inayomwezesha mpokeaji" kuunganisha, na shida yote hiyo ingekwisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona watu wengi wa fani yangu hulisahau wanapokasirikia hataza. Anayelivuta neno "alama" mpaka limeze kila biti, kila namba na kila nafasi ya kichwa cha pakiti, anaivuta pia hataza mpaka iangukie juu ya RFC 791 ya mwaka 1981. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kusema mwaka 1889 kwamba kitu ambacho kingekuwa ukiukaji kikija baada ya hataza, hubatilisha hataza kikiwa kilikuja kabla yake. Maana ni moja kwa pande zote mbili. Kwa hiyo, msomaji akiona mwenye hataza anadai maana pana sana, asikimbilie kubishana naye juu ya upana huo. Aangalie kwanza kama upana huo hauwezi kutumika dhidi yake.

Hali hiyo ilimpata mmiliki wa hataza ya Ericsson iliyoishia na tarakimu 215, iliyohusu ujumbe wa kumjulisha mtumaji ni pakiti zipi hazikufika. Madai yake yalitaka ujumbe huo uwe na nafasi inayotambulisha aina ya ujumbe. Katika kesi dhidi ya D-Link na wenzake, washtakiwa walisema bidhaa zao hutumia aina moja tu ya majibu, hivyo hakuna aina za kutofautisha; Desemba 2014 Mzunguko wa Shirikisho uliuacha usimame uamuzi kwamba hataza hiyo ilikiukwa, ingawa ulitengua fidia. Hataza ilikuwa imehamia kwa Wi-Fi One, na Broadcom ikaipinga mbele ya bodi ya ofisi ya hataza kwa kutumia hataza iliyotangulia. Huko mmiliki ndiye aliyetaka maana finyu: nafasi ile, alisema, lazima itofautishe aina mbalimbali za majibu. Bodi haikukubali, ikaona kwamba madai yalikuwa yamekwisha kutangulia kuelezwa na mwingine, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaithibitisha. Maneno yalikuwa yale yale, na kila upande ulikuwa umebadilishana kiti.

Kesi iliyo karibu kabisa na mada yangu, hata hivyo, ni ile ya Fujitsu, LG Electronics na U.S. Philips dhidi ya Netgear, iliyoamuliwa na Mzunguko wa Shirikisho tarehe 20 Septemba 2010 baada ya kutoka Wisconsin. Moja ya hataza tatu zilizobishaniwa, ile ya Philips iliyoishia na 952, ilikuwa na madai ya njia kuhusu kutuma na kupokea ujumbe uliogawanywa vipande. Walalamikaji walikuja na hoja fupi: bidhaa za Netgear zinafuata kiwango cha 802.11, yaani kile cha Wi-Fi, kiwango kinaeleza ukataji wa vipande, basi kila kifaa kinachofuata kiwango kinakiuka. Katika kiwango hicho kila fremu ya data ina biti ya kusema kuna vipande vingine, pamoja na namba ya kipande ya biti nne na namba ya mfuatano ya biti 12, kwa hiyo anayesoma kiwango na dai akiviweka sambamba anaweza kuona vinafanana.

Mahakama ilikubali nusu ya hoja. Inaruhusiwa kulinganisha dai na kiwango badala ya kupasua kila bidhaa, ilmradi dai liguse kila anayetekeleza kiwango hicho. Lakini ukataji wa vipande katika 802.11 ni wa hiari, na katika bidhaa za Netgear ulikuja ukiwa umezimwa. Mtumiaji ndiye aliyepaswa kuuwasha kwenye mipangilio. Kwa dai la njia, kuwa na uwezo wa kufanya hatua si kuifanya. Kati ya bidhaa zote zilizoshtakiwa, zilizobaki hai kwa hataza hiyo ni modeli nne tu, zile ambazo kumbukumbu za huduma kwa wateja zilionyesha kwamba kuna wateja waliokuwa wamewasha kipengele hicho. Kumbukumbu hizo ndizo zilizokuwa ushahidi pekee uliofaa.

Netgear haikushinda kila kitu. Ilijitetea kwamba vifaa vyake vina matumizi halali mengi kwa kuwa wengi hawakati vipande kabisa, na mahakama ikajibu kwamba kinachoangaliwa ni kile kipengele cha kukata vipande chenyewe: kikiwashwa kinakiuka, na kuweza kuzimwa hakukipi matumizi mengine. Naona jibu hilo ni sahihi, na ni onyo kwa anayetengeneza programu ya mtandao akidhani kwamba kuweka kitufe cha kuzima kunamwosha.

Namna dai lilivyovikwa nayo ina uzito wake. Dai langu ni la njia. Lingeweza kuwa la kifaa "kilichosanidiwa" kuweka alama, na hapo suala la kuwasha na kuzima lingebadilika sana, kwa sababu kifaa kinaweza kukiuka kwa jinsi kilivyo hata kabla hakijatumiwa. Lisiloweza kuwa, huko Marekani, ni dai la ishara yenyewe inayosafiri. Mwaka 2007 Mzunguko wa Shirikisho uliikataa sehemu ya maombi ya Nuijten, aliyebuni namna ya kupachika data ya ziada katika ishara kwa upotoshaji mdogo. Njia yake ilikubaliwa, hata chombo kilichohifadhi ishara hiyo kilikubaliwa, lakini ishara inayopita hewani au kwenye waya haikuwa mchakato, wala mashine, wala kitu kilichotengenezwa, wala mchanganyiko wa vitu. Jaji mmoja kati ya watatu hakuafiki. Kwa hiyo pakiti yenye alama za mpaka haiwezi kudaiwa ikiwa njiani, ingawa ikitua kwenye diski inaweza.

Ulaya husoma kwa mwendo unaokaribiana na huo kwa kuanzia kifungu cha 69 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya, kinachosema madai ndiyo yanayoweka eneo la ulinzi na maelezo na michoro vitumike kuyafasiri. Na tarehe 18 Juni 2025 Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, katika uamuzi wa G 1/24, ilisema kwamba hata katika kupima kama uvumbuzi unastahili hataza, maelezo na michoro lazima viangaliwe daima, si pale tu dai linapokuwa na utata.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, kuna swali linalotangulia yote haya, nalo ni kama hataza inayohusika ipo huku. Hataza ya Marekani haimfikii anayeendesha ruta zake Mwanza. Ili imfikie, lazima iwe imetolewa na ofisi ya taifa, au kupitia ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la miliki bunifu lenye makao yake Harare, na nchi husika iwe imetajwa katika maombi. Lakini anayepeleka programu au vifaa vyake kwa wateja wa Marekani amekwisha kuingia katika uwanja huo, na atakutana na sentensi ya aina ile niliyoitunga, ikiwa ndefu zaidi na yenye viambatanisho ishirini.